Darasa la Mataya

Wiki ya tatu baada ya kumzika baba, kaka yangu alinitumia boksi la karatasi lililofungwa kwa kamba ya katani. Lilifika kwenye kliniki yangu ya meno, hapa Hurlingham, nikiwa na mgonjwa kwenye kiti. Msichana wa mapokezi aliingia ameziba pua, akasema Daktari, kuna kitu kimekufa humu ndani. Nilinusa mara moja tu nikajua si kitu kilichokufa juzi. Ilikuwa harufu ya magadi, ya mfupa uliochemshwa kwa moto wa kuni, ya lile debe kuukuu lililokaa nyuma ya jiko letu miaka yote ya utoto wangu. Mungu anisamehe, nilimwacha yule mgonjwa kinywa wazi nikaenda kukata kamba kwa mkasi wa ofisi, machozi yakinitiririka.

Ndani mlikuwa na mataya ya swala, yamepangwa vizuri juu ya magazeti, na kila moja limeandikwa kwa wino, kwa mkono wa baba: Darasa la Kwanza. Darasa la Tatu. Darasa la Sita. Chini kabisa, limeviringwa peke yake katika kitambaa, lilikuwa lile moja lililokaribia kutufukuza Nairobi. Nilirudi kwa mgonjwa nikamaliza jino lake, lakini nakiri kwamba mikono ilikuwa kwake na akili ilikuwa nyuma ya Dagoretti, kwenye kibanda cha kuku.

Wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba Nairobi ya utoto wetu ilikuwa na mwisho. Ulifika Dagoretti, ukapita machinjio na mbwa wake wanene, ukapita mashamba ya viazi, na mji ukaisha. Baada ya hapo ni nyasi, na kwenye nyasi hizo walikuwako swala pala. Walikuwa wa shamba la Bwana Mbugua, aliyelinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, akakuta kundi la swala limo humo humo, kama mtu anayenunua nyumba akakuta na paka. Mwingine angewamaliza kwa wiki moja. Yeye aliamua wabaki porini wale nyasi zao, na wawindaji wenye leseni waje wawatoe mmoja mmoja kwa utaratibu. Akamwajiri baba awatazame, akatupa na nyumba ya mbao ya vyumba viwili penye ukingo wa shamba.

Kwa hiyo baba alikuwa mchungaji wa swala. Watu wetu wa kanisani, waliotoka Magharibi kama sisi, walikuwa makarani, maseremala, wapishi wa Muthangari, na waliposikia kazi yake walicheka wakashika mbavu. Mchungaji gani huyo, kondoo wake hawalali zizini, hawakamuliwi, na wakimwona wanatimka mbio? Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwaacha wacheke mpaka wachoke wenyewe.

Serikali ilikuwa na sheria zake. Jike haguswi, mtoto haguswi. Dume mzima tu, tena kwa leseni, na pembe zake zipelekwe ofisini mjini ziandikwe kitabuni. Baba naye alikuwa na sheria yake juu ya hiyo ya serikali. Kwenye kundi la swala pala dume mmoja ndiye mwenye wake wote, vijana wanakaa kando wakisubiri zamu yao, na wazee walioshindwa wanajitenga peke yao vichakani. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Baba alitaka wapigwe hao wazee, asiguswe bwana harusi. Lakini wageni kutoka mjini walitaka pembe ndefu za kutundika sebuleni, kwa hiyo aliwazungusha kilima hiki na kile, juani, mpaka wachoke na kumkubali yule mzee aliyewachagulia tangu asubuhi. "Wa mbegu haguswi," ndivyo alivyosema kila mara, na hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yake marefu kuliko yote.

Sasa alijuaje kama amechagua sawasawa? Alijua kwa meno. Kila dume aliyeangushwa, baba alitoa taya la chini akamletea mama, na mama akalichemsha na magadi kwenye debe mpaka mfupa ukawa mweupe kama sahani. Kisha baba aliketi kizingitini akaligeuzageuza mwangani, akiguna. Swala mchanga ana meno ya maziwa, na magego ya nyuma hayajatokeza. Akikua yanatokeza moja baada ya jingine, yana makali na mabonde. Akizeeka mabonde yanalika, meno yanakuwa bapa, mwisho yanabaki mashina tu karibu na ufizi. Aliyachunguza hivyo ajue kama jicho lake halikumdanganya kule porini, halafu akayatia kwenye sanduku chini ya kitanda.

Na mimi nikayatoa. Sikuwa na mwanasesere, nilikuwa na mataya. Niliyapanga nyuma ya jiko kwa mistari kama shule: wenye meno ya maziwa, ambao wengi wao walikuwa swala waliouawa na chui, darasa la kwanza, wanaootesha magego, la pili na la tatu, wenye makali kamili, la nne, na kuendelea hivyo mpaka wazee wa meno bapa, darasa la saba. Niliwafundisha hesabu na Biblia. Niliwachapa pia, maana mwalimu wetu alituchapa na sikujua kuna namna nyingine ya kufundisha. Nilikuwa na umri wa miaka minane, na naapa kwamba ungenipa taya lolote la swala gizani, ningekutajia darasa lake kwa kupapasa kwa kidole.

Ila kuna jambo moja nililielewa vibaya, na nililielewa vibaya kwa bidii sana. Jioni moja Bwana Mbugua alikuja akasimama na baba uani, nami nikiwa na darasa langu pembeni. Alimuuliza kwa nini hasa anawatoa wazee. Baba akamjibu kwamba dume akizeeka na meno yakiisha, anakula nyasi za vijana bure, kwa hiyo lazima atolewe kundini, ndiyo kundi linakuwa na afya. Akaongeza kwamba, ukiacha yule aliyepigwa juzi, leseni bado ina nafasi ya dume mzee mmoja. Bwana Mbugua akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema sheria nzuri.

Juma lile lile Guga akaja. Guga ni babu, kwa lugha ya kwetu. Alishuka kwenye basi na jogoo kwapani na mkungu wa ndizi kichwani, amekuja kutibiwa goti, na baba alimpokea kama mfalme. Nilimpenda Guga saa ile ile. Alikuwa mtu wa kucheka, na alipocheka alipanua kinywa chote mpaka unaona koo. Hapo ndipo furaha yangu ilipokatika. Magego ya Guga yalikuwa bapa.

Sikutaka kuamini kwa haraka. Mchana, alipolala mkekani kinywa wazi, nilimwinamia na lile taya la dume wa mwisho aliyeletwa na baba, ambalo lilikuwa limetoka kwenye debe siku hiyo, bado lina uvuguvugu. Nikatazama huku, nikatazama kule. Yalifanana kabisa. Guga alikuwa darasa la saba. Na mle ndani ya nyumba yetu kulikuwa na bunduki nyuma ya mlango, leseni ukutani, nafasi ya dume mzee mmoja, na mtu anayejua kusoma meno.

Nilichokifanya mtakicheka. Niliamini kwamba baba hawezi kumjua mzee bila kumlinganisha na taya, na taya linalofanana na Guga ni lile moja. Basi nikaliiba. Nililificha mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angetia mkono, yaani chini ya kuku wa mama aliyekuwa akilalia mayai, kuku mkali ambaye hata mama alimpelekea maji kwa kumrushia bakuli. Kisha nikamwonya Guga asicheke mbele ya baba. Nikamwambia ale mahindi ya kuchoma nje. Nikamkataza katakata kupanda kilimani peke yake. Guga alidhani ni mchezo wa kitoto, akatii yote, na kwa siku tatu alicheka kwa kufumba midomo kama bibi harusi.

Siku ya nne baba alipeleka mjini pembe za yule dume wa mwisho, na akarudi bila bunduki. Sikuwahi kumwona baba akitembea mikono mitupu. Ofisini alikuta bwana mpya, kijana msomi, na bwana huyo alikuja na fimbo. Ilikuwa fimbo iliyochongwa vizuri, ina mkato karibu na ncha. Pembe ikifika kwenye mkato, dume ni mzima. Isipofika, dume ni mchanga na aliyempiga amevunja sheria. Pembe za baba zilipungua kwa upana wa vidole viwili. Bwana mpya alibaki na bunduki, akamwambia arudi Jumatatu na ushahidi, la sivyo apelekwe kortini na shamba linyang'anywe leseni. Bwana Mbugua alimweleza baba kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kumfokea, kwamba leseni ikienda, hana kazi ya kumpa wala nyumba.

Baba alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Alitoa taya moja moja, akayapanga kitandani, akayarudisha, akayatoa tena. Alitazama ndani ya debe. Alitazama kwenye jalala. Akamuuliza mama, mama akaapa kwa jina la Bwana kwamba alilichemsha na kulikausha. Wakamshuku mbwa. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama. Nikinyamaza, baba anakwenda kortini. Nikisema, baba anapewa bunduki yake, na Guga yupo pale uani anamenya ndizi. Nilikuwa nachagua ni yupi kati yao nimpoteze.

Jumapili tulikwenda kanisani na hakuna aliyemcheka baba. Jumatatu alfajiri alivaa koti lake la pekee akaondoka. Mama hakulia. Alianza kufunga masufuria kwa leso, moja ndani ya jingine, na ule mlio wa masufuria ndio uliovunja ulimi wangu. Nilikwenda nyuma ya jiko alikoketi Guga nikamkalia miguuni.

"Guga, Baba akirudishiwa bunduki, utatolewa."

"Nitatolewa wapi?"

"Kwa kundi. Meno yako imeisha. Niliangalia ukilala."

Nilidhani Guga atacheka, hakucheka. Aliniuliza taya liko wapi, na nilipomwonyesha kibanda cha kuku kwa kidole, akafumba macho kidogo kama mtu anayesali. Kisha akanishika masikio yote mawili, taratibu.

"Sikia, Kageha. Sheria ya swala ni ya swala. Mtu akizeeka hatolewi, anawekwa karibu na moto. Mimi nikitolewa, nani atakuambia baba yako alikuwa anakojoa kitandani mpaka miaka saba?"

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili pamoja. Penye wazee haliharibiki neno, na hakuna siku niliyouamini msemo huo kama siku ile.

Kuku alitaka kututoa macho. Guga alimtupia koti lake, mimi nikatia mkono, na taya likatoka lina joto kama mandazi. Nikataka kukimbia nalo hivyo hivyo, lakini kitu fulani kikaniambia kwamba taya moja peke yake halisemi lolote. Mwanafunzi wa darasa la saba humjui mpaka umwone amesimama na wa la kwanza. Nikalitoa darasa langu lote chini ya kitanda, nikalitia ndani ya kiondo cha mama. Mama alituuliza tunakwenda wapi. Guga akamwambia afungue masufuria apike kitu, watu watarudi na njaa.

Machinjioni Dagoretti kulikuwa na dereva wa gari la nyama, muumini mwenzetu, aliyekuwa akipakia nyama ya ng'ombe ya kupeleka soko kuu la mjini. Alitupakia mbele, mimi katikati, kiondo mapajani, na nyuma yetu mapande ya nyama yakigongana kila tukipinda kona. Guga alikuwa hajawahi kufika katikati ya mji. Tuliposhuka sokoni alitazama zile nyumba ndefu akaniuliza kama watu wa juu wanaruhusiwa kufuga kuku, kisha akanishika mkono akatembea katikati ya barabara kama barabara ni ya baba yake, magari yakipiga honi kushoto na kulia. Nilijua jina la ile ofisi kwa sababu baba alilitaja mara nyingi. Tuliuliza mara mbili tukafika.

Karani wa mlangoni alitutazama, mzee mwenye kirungu na mtoto mwenye damu ya ng'ombe kwenye pindo la gauni, akasema hapa si hospitali. Guga akamwambia tumeleta mashahidi wa kesi ya asubuhi. Karani akauliza mashahidi wako wapi. Guga akafunua kiondo. Karani alichungulia, akarudi nyuma hatua moja, akatuonyesha mlango.

Ndani vichwa vya wanyama vilitundikwa ukutani pande zote. Baba alikuwa amesimama mbele ya meza, kofia mkononi, na bwana mpya ameketi, fimbo yake na zile pembe mbili ziko mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Nataka niliseme hilo, kwa sababu nilikuja kumjua. Alikuwa kijana aliyepewa kazi kubwa na akaamini kwamba kitu kilichonyooka hakidanganyi. Baba alipotuona aligeuka kijivu. Kisha akaona nilichokishika mkononi, na sikumbuki kumwona baba akitazama kitu chochote hivyo, hata mama siku ya harusi ya kaka.

"Hawa ni nani?" bwana mpya akauliza.

"Huyo ni baba yangu," baba akasema. "Na huyo ni mtoto."

"Mimi ni mwalimu," nikasema.

Sijui nilitoa wapi ujasiri. Labda ni kwa sababu Guga alikuwa ameniwekea mkono kichwani. Niliketi sakafuni nikaanza kupanga, mstari mmoja kutoka mguu wa meza mpaka dirishani, kama nilivyopanga kila siku. Nikasema huyu ni wa la kwanza, meno ya maziwa. Huyu la pili, gego limechungulia. Huyu la tatu. Huyu la nne, tazama makali. Kufika la tano bwana mpya alikuwa ameinuka kitini. Kufika la sita alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu, suruali yake safi na yote, anapapasa meno kwa kidole. Mwisho kabisa, karibu na dirisha, nikaweka lile la kutoka kwa kuku. Lilikuwa bapa kama jiwe la kusagia. Hata asiyejua kitu angeona.

"Hii ndiyo ya zile pembe," nikasema.

Alichukua pembe akazitazama, akatazama taya. Akasema meno anayaona, lakini pembe ni fupi, na dume mzee atakuwaje na pembe fupi kuliko kijana? Hakuniuliza kwa kejeli. Aliuliza kwa sababu hakujua. Baba alifungua kinywa na maneno hayakuja, kama kawaida yake, nami nikamwona mama kichwani mwangu, ameinama kwenye shamba lake la mboga.

"Jembe ya Mama ni fupi," nikamwambia. "Ile ya dukani ni refu. Gani ni mzee?"

Bwana mpya alipitisha kidole gumba kwenye ncha za zile pembe, polepole. Hazikuwa na ncha. Zilikuwa zimelika na kuviringana, kwa miaka ya kugombana na kuchokora miti. Pembe ya kijana ina ncha ya kukutoboa. Fimbo haikuwa na mahali pa kupima hilo.

Hapo ndipo baba alipopata sauti. Alinyoosha mkono kwenye rafu, palipokuwa na fuvu la swala pala, pembe zake ndefu na nzuri, ambalo mwindaji mmoja wa mjini alileta likapita kwenye fimbo bila taabu. Akalishusha, akaligeuza, akanipa mimi. Halikuwa na taya la chini, lakini meno ya juu yalikuwapo. Nilipitisha kidole. Makali, mabonde, kila kitu mahali pake.

"La nne," nikasema. "La tano hajafika."

"Huyo alikuwa baba wa kundi," baba akamwambia bwana mpya. "Fimbo yako imempitisha. Huyu mzee wangu, amemaliza kazi yake, hana bibi, hana mtoto wa kuzaa, fimbo inasema ni makosa. Bwana, ukivuna mahindi, unakula ile kubwa yote, unapanda ile mbovu? Mwaka wa tano utavuna nini?"

Hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kutoka kwa baba, na alipomaliza alikuwa anahema. Bwana mpya alikaa pale sakafuni, fuvu mapajani, akitazama vichwa vilivyotundikwa ukutani kimoja baada ya kingine, pembe zote ndefu, zote nzuri. Nafikiri alikuwa anavihesabu vizazi vya swala ambao hawakuzaliwa. Kisha akainuka, akapangusa magoti, akafungua kabati la chuma akatoa bunduki ya shamba akampa baba kwa mikono miwili. Akafungua kitabu akaandika, na alipokuwa akiandika alisoma kwa sauti ili sote tusikie: dume mzee, halali. Akamwambia karani aliyesimama mlangoni akisikiliza kwamba kuanzia siku ile anayeleta pembe alete na taya, na asiye na taya arudi porini alitafute.

Fimbo yake alinipa mimi. Mama aliitumia kusongea ugali mpaka ilipovunjika.

Tulitoka nje kwenye jua la saa sita. Baba alinibeba mabegani, mimi mtoto wa miaka minane mwenye miguu mirefu, kiondo changu kichwani kwake, Guga mbele akitusafishia njia kwa kirungu, na tulipita katikati ya mji hivyo, watu wenye tai wakitupisha. Sijawahi kushinda kitu tena kama nilivyoshinda siku ile. Nimepata shahada, nimefungua kliniki, nimewang'oa meno waheshimiwa, lakini sijabebwa mabegani. Kwenye basi la kurudi baba aliuliza, bila kumtazama mtu, taya lilikuwa wapi siku zote hizo. Guga akamjibu kwamba kuku alikuwa analilalia, na kama wangechelewa kidogo lingeanguliwa swala. Baba hakuuliza tena. Lakini jioni ile alichukua wino na kalamu, akatoa sanduku, na badala ya alama zake za zamani akaandika kwenye kila taya darasa nililolipangia.

Jumapili iliyofuata, kanisani, wale makarani na maseremala walimsimamisha baba asimulie. Akawaambia waniulize mimi.

Miaka ilipita, uwindaji wenyewe ukapigwa marufuku, na shamba la Bwana Mbugua sasa ni nyumba za kupangisha, unapita hapo hujui. Lakini kabla ya yote hayo, mwaka ule ule, bwana mpya alikuja kwetu na gunia zima la mataya kutoka mashamba mengine. Alimsalimu baba, akamsalimu mama, kisha akaniomba kwa adabu nimpangie. Nilipanga uani mchana kutwa, naye akifuata nyuma yangu na daftari. Guga alikuwa ameketi karibu na moto, mahali pake, goti limepona, anaguguna mahindi mbele ya watu wote bila woga.

Nilipoweka taya la mwisho, Guga aliniita. Alipanua kinywa chake chote, mpaka koo.

"Na mimi, Mwalimu? Mimi niko darasa gani?"

Nilimwinamia nikatazama, mbele ya baba, bunduki yake na bwana wa serikali. Nilitazama kwa makini, jino kwa jino, kama ninavyotazama wagonjwa wangu hata leo.

"La saba, Guga," nikasema. "Lakini wewe unarudia."

Alirudia miaka kumi na miwili, na hakuna aliyethubutu kumfukuza shule.